Forodha Iliyokodishwa

MASOMO YA HISTORIA KWA WATU WAZIMA
Somo la Tisa: Serikali, Mkandarasi na Daftari

Maneno ya somo
(Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni kabla ya kufungua redio. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Forodha: mahali ambapo bidhaa huingia na kutoka katika nchi, na ushuru hulipwa.
Kukodisha: kumpa mtu mwingine mali au kazi yako aitumie kwa muda, naye akulipe. Yule anayeichukua huwa ameikodi, naye tutamwita mkodi.
Kandarasi: mapatano ya kufanya kazi fulani kwa malipo fulani. Mwenye kuifanya huitwa mkandarasi. Wengine humwita kontrakta.
Zabuni: bei anayoitaja mtu anayeomba kandarasi.
Daftari: kitabu cha kuandikia hesabu.

SOMO

Hamjambo, ndugu wasikilizaji. Karibuni tena katika somo letu la historia. Nawe usomaye karatasi hii baada ya kipindi kwisha, karibu pia. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, rudi juu ukalitazame.

Leo tutazungumza juu ya swali moja ambalo kila serikali duniani hukutana nalo. Serikali ina kazi nyingi: kukusanya ushuru, kujenga barabara, kuleta maji, kuzoa taka. Je, kazi hizo zifanywe na watumishi wa serikali yenyewe, wanaolipwa mshahara kila mwezi? Au zipewe mtu binafsi au kampuni, afanye kwa kandarasi na apate faida yake?

Watu hubishana sana juu ya jambo hili. Mmoja husema, "Watumishi wa serikali ni wavivu, mpeni mwenye biashara." Mwingine husema, "Mwenye biashara anajali mfuko wake tu, mpeni mtumishi wa serikali." Sisi leo hatutaanza kwa kubishana. Tutaanza kwa kutazama mambo yaliyotokea kwetu, katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Maana hapa kwetu serikali iliwahi kukodisha kazi kubwa kuliko zote ilizokuwa nazo, yaani kukusanya ushuru wa forodha. Ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 50, na mwisho wake ulikuwa mzito.

Sultani na mkodi wake

Ukifika Unguja mjini leo, utaona bustani mbele ya bahari. Jioni watu hukaa hapo kula na kupunga upepo. Mahali hapo huitwa Forodhani. Jina hilo ni kumbukumbu ya nyumba ya forodha ya zamani. Katika pwani ile majahazi yalipakua nguo, shaba, shanga na bunduki, na kupakia pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na pembe za faru.

Mtawala wa nchi alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hata alipofariki mwaka 1856. Yeye ndiye aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Utajiri wa serikali yake ulitoka zaidi katika forodha. Mwaka 1833 alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na katika mapatano hayo ushuru wa bidhaa zinazoingia uliwekwa kuwa 5 kwa mia. Mwaka 1839 akafanya mapatano na Uingereza, na mwaka 1844 na Ufaransa. Meli za kigeni zikazidi, na forodha ikanona.

Lakini Seyyid Said hakuwa na idara ya forodha. Hakuwa na makarani wa kuhesabu mizigo, wala wakaguzi, wala vitabu vya hesabu vya serikali. Alifanya kama walivyofanya watawala wengi wa zama hizo, huko Arabuni, Uhindi, na hata Ufaransa mpaka mwaka 1791. Aliikodisha forodha. Kila baada ya miaka michache alipatana na mfanya biashara mmoja. Mfanya biashara yule aliahidi kumlipa Sultani kiasi fulani cha reale kila mwaka. Akisha kulipa, ushuru wote uliokusanywa ulikuwa wake. Kama umepita kile kiasi, faida yake. Kama umepungua, hasara yake.

Mkodi aliyejulikana sana ni Jairam Shivji, Mhindi Mbhatia ambaye jamaa zake walitoka Kutch. Jamaa hao walishika forodha ya Unguja hata kabla yake, na nyumba yake ya biashara iliendelea kuishika, ikipitia kwa wakala wake Ladha Damji, mpaka miaka ya 1870. Mwaka 1876 forodha ilikodiwa na mtu mwingine, Taria Topan, naye alikuwa mfanya biashara Mhindi wa madhehebu ya Ismailia.

Kwa nini Sultani alikodisha?

Usimwone Seyyid Said mjinga. Alikuwa na sababu nzuri tatu.

Sababu ya kwanza ni uhakika. Biashara ya pwani ilitegemea pepo. Kaskazi ilileta majahazi, na kusi iliyarudisha. Mwaka mmoja misafara kutoka bara ilikuja na pembe nyingi, mwaka mwingine njia ilifungwa kwa vita. Mwaka 1872 dhoruba kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja kwa siku moja. Mtawala mwenye askari wa kulisha na merikebu za kutengeneza hupenda kujua mapema atapata reale ngapi.

Sababu ya pili ni ujuzi. Nyumba ya Jairam ilikuwa na makarani wanaojua kuandika hesabu, na mawakala katika bandari nyingi za Mrima na visiwani. Kujenga idara kama ile kungemgharimu Sultani fedha na miaka.

Sababu ya tatu ni mkopo. Mkodi alikuwa tajiri. Sultani akiwa na haja ya fedha kabla ya mwaka kwisha, alijua mlango wa kubisha.

Hizi ndizo sababu ambazo hata leo serikali hutoa zinapompa mkandarasi kazi: uhakika, ujuzi na fedha za haraka. Nazo ni sababu za kweli. Kodi ya forodha nayo ilipanda mwaka hata mwaka. Mwaka 1859 ilikuwa karibu reale 196,000. Mwaka 1865 ilikuwa imepita reale 300,000. Mtu akitazama juu juu atasema, "Mpango huu ni mzuri! Mapato yanakua."

Sasa tufanye hesabu

Mwalimu, shika chaki. Hesabu hii ni ya mfano tu wa kujifunzia; haikutoka katika vitabu vya Jairam.

Tuseme forodha imekodishwa kwa reale 150,000 kwa mwaka.
Mkodi amekusanya ushuru wa reale 210,000.
Ametumia reale 20,000 kwa mishahara ya makarani na mabaharia.
Toa 150,000, kisha toa 20,000. Inabaki reale 40,000. Hiyo ni faida yake.

Wanafunzi, nawaulizeni: kati ya Sultani na mkodi, ni nani anayeijua ile hesabu ya 210,000? Sultani anajua 150,000 tu, kwa kuwa ndizo alizopokea. Mkodi anazijua zote, kwa kuwa daftari liko kwake.

Miaka mitano ikapita, na mapatano yamefika mwisho. Sultani anataka kupandisha kodi. Apandishe mpaka wapi? Akisema 160,000, mkodi atalalamika, atasema biashara ni mbaya, kisha atakubali, na moyoni atacheka. Akisema 250,000, hakuna atakayeikodi. Sultani anapiga bei ya ng'ombe ambaye hajamwona, na anayemwuzia ndiye peke yake mwenye ufunguo wa zizi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sultani alikodisha kazi, na hilo si kosa. Lakini pamoja na kazi alikodisha na daftari, na asiye na daftari hana jicho.

Madhara yaliyofuata

Madhara ya kwanza yalikuwa upendeleo. Mkodi wa forodha alikuwa pia mfanya biashara. Alinunua na kuuza, alikopesha, na wakati huo huo yeye ndiye aliyepima mizigo ya wenzake na kuwatoza ushuru. Mwaka 1837 alifika Unguja balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye pia alikuwa akifanya biashara. Waters na Jairam wakashirikiana. Wafanya biashara wengine, Waingereza na hata Wamarekani wenzake, walilalamika kwamba asiye rafiki wa wawili hao hapati shehena kwa urahisi. Fikiri wewe mwenyewe: ukiwa na duka sokoni, na jirani yako mwenye duka ndiye anayekutoza ushuru, utauza kwa raha?

Madhara ya pili yalikuwa deni. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, nchi iligawanyika. Mwanawe Majid alichukua Unguja, na mwanawe Thuwaini akachukua Maskati. Mwaka 1861 Waingereza waliamua ugomvi wao, wakasema Majid amlipe ndugu yake reale 40,000 kila mwaka. Majid akazidi kukopa kwa mkodi. Deni likakatwa katika kodi, na kodi ilipopungua akakopa tena. Majid alipofariki mwaka 1870, deni lililodaiwa na nyumba ya Jairam lilikuwa limepita nusu milioni ya reale.

Sasa angalia lilivyokuwa gumu. Kama Sultani hakupendezwa na mkodi wake, je, aliweza kumwondoa? Mkodi mpya angepaswa kuja na kodi, na pia na fedha za kulipa deni la yule wa zamani. Wenye fedha nyingi namna hiyo walihesabika kwa vidole. Mapatano yaliandikwa kwa miaka michache, lakini deni liliyafanya kama ndoa isiyo na talaka.

Madhara ya tatu tusiyafiche. Katika bidhaa zilizotozwa ushuru walikuwamo binadamu. Watumwa waliopitia Kilwa na Unguja walihesabiwa kichwa kwa kichwa, na ushuru wao uliingia katika sanduku la mkodi kama ushuru wa pembe na nguo, mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Kosa hilo lilikuwa la serikali yenyewe, iliyoruhusu biashara ile, na la wote waliokula faida yake. Lakini lakumbusha jambo moja: mkandarasi aliyeambiwa kukusanya atakusanya. Haulizi kama kitu kinachohesabiwa ni haki kuhesabiwa. Kuuliza hivyo ni kazi ya serikali na ya watu wake.

Ndugu msikilizaji, usitoke hapa ukasema Jairam na Taria walikuwa wezi. Walitimiza mapatano waliyoandikiana na Sultani. Taria Topan alianza kujenga ile nyumba kubwa ya roshani iliyoko mbele ya bahari, ambayo baadaye ikawa zahanati, na mpaka leo watu huitazama. Mfanya biashara akipata faida katika mapatano aliyokubaliwa, hana lawama. Mwenye kupaswa kujua ni yule aliyekodisha.

Barghash achukua daftari

Sultani Barghash alilijua jambo hilo. Mwaka 1886 aliacha kuikodisha forodha, akaiweka chini ya mkono wake mwenyewe, na watu wake wakakusanya ushuru kwa jina lake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, serikali ya Unguja ilianza kuona forodha yake kwa macho yake.

Lakini alikuwa amechelewa. Mwaka ule ule wa 1886, Waingereza na Wajerumani walikaa wakapatana kugawana bara. Sultani aliachiwa visiwa, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mbele yake wakasimama wakodi wa namna mpya kabisa.

Kampuni zenye bendera

Tarehe 24 Mei 1887 Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza wa William Mackinnon. Aliwapa haki ya kutawala pwani yake ya kaskazini na kukusanya forodha, kwa miaka 50. Mwaka uliofuata watu hao walipata hati ya Malkia wa Uingereza, wakaitwa Imperial British East Africa Company, na makao yao yakawa Mombasa.

Barghash alifariki Machi 1888. Ndugu yake Khalifa akatawala, na mwezi wa Aprili akatia sahihi mapatano kama yale na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kwa pwani ya kusini, kutoka Mto Umba mpaka Mto Ruvuma.

Tazama tofauti. Jairam alikodi sanduku la fedha. Hakukodi mahakama wala askari wa nchi. Bendera ilikuwa ya Sultani, na liwali alikuwa wa Sultani. Kampuni hizi zilikodi kila kitu: forodha, hukumu, ardhi na amri. Kampuni ya biashara, ambayo kazi yake ni kuwapa faida wenye hisa zake Ulaya, ilifanywa serikali.

Agosti 1888 maofisa wa Kampuni ya Kijerumani walishuka katika bandari za Mrima. Walitaka bendera ya kampuni ipandishwe pamoja na ya Sultani. Walitangaza masharti mapya ya ardhi na kodi. Pangani, ofisa wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, aligombana na liwali, na masimulizi ya wakati ule yanasema Wajerumani waliingia msikitini na mbwa siku za Idd Kubwa. Watu wakakasirika. Abushiri bin Salim akawaongoza wa Pangani, na Bwana Heri akawaongoza wa Sadani. Kilwa, maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ilikuwa imefukuzwa katika bandari zote isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam.

Je, mkodi alipata hasara peke yake, kama mapatano ya biashara yanavyosema? La. Kampuni iliililia serikali yake. Mwanzo wa mwaka 1889 bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2, na Hermann Wissmann akaletwa na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani. Miji ilipigwa mizinga. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua nchi mkononi mwake. Faida ilikuwa iwe ya kampuni. Hasara ililipwa na walipa kodi wa Ujerumani kwa fedha, na wenyeji wa Mrima kwa damu.

Upande wa Mombasa hapakuwa na vita kama vile, lakini hesabu yake ni ya kushangaza zaidi. Sikiliza vizuri.

Kampuni ya Mackinnon ilitumia fedha nyingi, hasa kwa safari ya Uganda, na mapato yakawa madogo. Mwaka 1895 iliishiwa, na serikali ya Uingereza ikachukua nchi. Kampuni ikalipwa paundi 250,000. Fedha hizo zilitoka wapi? Paundi 50,000 zilitoka Uingereza. Paundi 200,000 zilitoka katika hazina ya Unguja. Nazo hizo 200,000 zilitoka wapi? Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani marki milioni 4, kiasi cha paundi 200,000, ili pwani ya kusini iwe yake kabisa. Fedha hizo zilikuwa zimewekwa akiba.

Mwalimu, andika hivi ubaoni. Sultani alikodisha pwani mbili. Pwani ya kusini ikamtoka, akalipwa. Fedha za pwani ya kusini zikatumika kumlipa mkodi aliyeshindwa wa pwani ya kaskazini. Na pwani ya kaskazini ilipokombolewa hivyo, haikurudi mkononi mwa Sultani. Ilitawaliwa na Waingereza, wakamlipa kodi ya mwaka, mpaka Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963.

Je, watumishi wa serikali ndio dawa?

Mwanafunzi mmoja atasema, "Basi jibu ni rahisi. Kazi yote ifanywe na watumishi wa serikali." Ngoja kwanza, tutazame Unguja yenyewe.

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwaka 1891 mwakilishi wao, Gerald Portal, alitengeneza upya mambo ya fedha. Mfuko wa Sultani ukatengwa na hazina ya serikali. Idara zikapewa wakuu wenye mishahara, na hesabu zikaandikwa vizuri. Hao walikuwa watumishi wa serikali kweli kweli. Wakodi hawakuwako tena.

Lakini daftari lile lilisomwa na nani? Lilisomwa na Waingereza. Mkulima wa karafuu wa Pemba na mchukuzi wa bandarini hawakuulizwa ushuru uwe kiasi gani, wala fedha zifanye kazi gani. Daftari lilikuwapo, lakini lilifungwa kwa wenye nchi. Hivyo twaona kwamba mtumishi wa mshahara naye anaweza kuitumikia serikali isiyokujali wewe.

Basi swali la "mkandarasi au mtumishi?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ndiyo nzito: nani anashika daftari, na nani anaruhusiwa kulisoma?

Jambo hili liko karibu nawe

Usidhani habari hizi ni za masultani tu. Tangu miaka ya 1990 halmashauri nyingi za Tanzania zimekodisha ukusanyaji wa ushuru wa masoko, wa stendi za mabasi, wa minada ya ng'ombe na wa mazao. Watu hutoa zabuni. Anayeshinda huitwa wakala, naye huahidi kupeleka kiasi fulani halmashauri kila mwezi. Kinachozidi ni chake. Je, mpango huu haufanani na ule wa Jairam?

Sababu za halmashauri zilikuwa zile zile. Watumishi walikuwa wachache, vitabu vya stakabadhi vilipotea, na fedha nyingine ziliishia njiani. Wakala aliahidi uhakika. Na mahali pengine mapato yalipanda kweli. Lakini mahali ambapo halmashauri haikuhesabu kwanza yenyewe meza za soko, au idadi ya mabasi yanayoingia stendi kwa siku, ilikubali bei bila kujua. Ikawa kama Sultani na ng'ombe wa zizini.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa yake, nayo huwasilishwa Bungeni. Mara nyingi taarifa hizo zimetaja fedha ambazo mawakala hawakuziwasilisha. Pia zimetaja fedha zilizokusanywa na watumishi wenyewe, nazo hazikufika benki. Upande wa mkandarasi na upande wa mtumishi, wote wamo. Katika miaka ya karibuni halmashauri zimeingiza mashine za kutoa risiti, kusudi kila shilingi iandikwe inapopokelewa. Mashine hiyo ni daftari la kisasa. Lakini mashine haimtozi asiyetaka kuibonyeza, na risiti usiyoidai haiandikwi popote.

Kwa hiyo serikali yako, kubwa au ndogo, ikitaka kumpa mtu kazi kwa kandarasi, kuna mambo manne ya kuuliza.

La kwanza: je, serikali imeihesabu kazi yenyewe kabla ya kutaja bei?
La pili: je, mkandarasi ana biashara nyingine itakayomfanya apendelee?
La tatu: je, serikali inaweza kumwondoa akishindwa, au imefungwa kwa deni?
La nne: akipata hasara, nani atalipa?

Serikali ikisema kazi itafanywa na watumishi wake, swali la kuuliza ni moja, nalo linatosha: hesabu zao zitasomwa wapi, na lini?

Wewe unayejifunza kusoma

Labda wasema moyoni, "Mimi ni mtu mdogo, haya ni ya wakubwa." Sikubali. Katika kijiji cha Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote, na kwa sheria unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo husomwa mapato na matumizi. Mahali pengine taarifa hubandikwa ubaoni, nje ya ofisi ya mtendaji. Zamani uliipita karatasi ile kama unavyoipita karatasi ya kufungia sukari. Sasa unaweza kusimama ukaisoma. Tazama mahali palipoandikwa "ushuru wa soko". Kisha nenda sokoni, uhesabu meza. Zidisha meza kwa ushuru wa siku moja, halafu zidisha kwa siku za soko katika mwezi. Hesabu hiyo mmekwisha jifunza katika darasa hili.

Kama hesabu yako na ile ya ubaoni zinakaribiana, mshukuru aliyekusanya, awe wakala au mtumishi. Kama zimeachana sana, peleka daftari lako mkutanoni, unyanyue mkono, uulize kwa adabu. Seyyid Said, pamoja na merikebu zake zote, hakuwa na karatasi kama hiyo mkononi.

Juma lijalo tutazungumza juu ya ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa, na watu walioijenga. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kukodisha na kukodi kuna tofauti gani? Toa mfano wa hapa kwenu.
2. Taja sababu tatu zilizomfanya Seyyid Said kukodisha forodha. Ni ipi unayoiona kuwa na nguvu zaidi?
3. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa Sultani kumwondoa mkodi wake?
4. Jairam Shivji na Kampuni ya Kijerumani wote walikodi. Walitofautiana kwa jambo gani?
5. Hapa kwenu ni kazi gani za serikali zinazofanywa kwa kandarasi? Wanaozifanya wanasimamiwa na nani?

KAZI YA KUANDIKA

Nenda soko lililo karibu nawe. Hesabu meza, uliza ushuru wa siku, ukadirie mapato ya mwezi mmoja. Andika sentensi sita katika daftari lako, uzilete darasani juma lijalo.